Bi Thuraya na Kahawa Aliyokataa Kuinywa

Assalaam alaikum, ndugu zangu wa chuo. Hamjambo nyote? Wazee wazima? Watoto je, na wenye kuumwa magoti? Sisi wa ofisi ya usajili hatujambo, alhamdulillahi, ila tumepigwa na butwaa: Bi Thuraya binti Khalaf anastaafu tarehe 30 Juni 2007, baada ya miaka ishirini na mitano katika maktaba ya chuo chetu cha ualimu hapa Ibra. Tulidhani yeye ndiye atakayetuzika sisi.

Alizaliwa Unguja, akaja Oman msichana, Kiarabu chake kikichekwa sokoni. Kazi alianza kwa kupanga vitabu, leo anaondoka mkuu wa maktaba. Kelele hakuzitaka kabisa. Mwalimu Marhun akianza kucheka kwa sauti, Bi Thuraya humpelekea tende, mdomo upate kazi nyengine.

Kila Jumatatu alasiri alikuwa na kikao cha wanafunzi wa kike, wasome na wajadiliane, nami nikikaa nao. Mwaka 1996 walisoma habari za maimamu wa kale wa Nizwa, watawala wa Oman waliokuwa wakipewa baia, kiapo cha utii, na maulamaa, na aliyepotoka akiondolewa. Jumana, msichana wa mji wa Al Kamil, akauliza: "Na leo mkubwa akikosea, anaambiwa na nani?"

Bi Thuraya akamjibu, "Suali zuri. Tulitafute jibu pamoja."

Hatukuwahi kulitafuta. Yupo aliyepeleka maneno juu. Wiki ile ile kikao kikafungwa, na Jumana akaambiwa asirudi darasani. Wallahi nilishtuka. Sisi watu wa dini, wakubwa wetu wanasimama kwa jina la dini, na shura, kushauriana, imo ndani ya Qurani. Mtoto kauliza nini kibaya?

Bi Thuraya akanichukua mpaka nyumbani kwa mkubwa mmoja wa idara, simtaji. Tukakaribishwa vizuri, halwa ikaletwa, kahawa ikamiminwa. Bi Thuraya akaiweka finjani chini bila kuonja. Mila ya huku mnaijua: mgeni mwenye haja kubwa haonji kahawa mpaka akubaliwe. Lakini hayo hufanywa na masheikh wenye majambia viunoni, si mwanamke wa maktaba.

"Kunywa, bibi, inapoa," akasema mkubwa.

"Na ipoe, mwanangu. Jumana akirudi darasani nitainywa hata ikiwa barafu."

Mkubwa akawa mwekundu, akanitazama mimi kama kwamba nitamsaidia. Nikatazama zulia. Mama yake, bibi wa mji wa Al Qabil aliyekaa pembeni, akamkemea: "We! Mgeni hajanywa nyumbani kwako nawe umekaa tu? Unataka tusemwe mpaka Sur?"

Mkubwa akakubali, na Jumamosi, wiki ya masomo ilipoanza, Jumana alikuwa darasani. Kikao lakini hakikufunguliwa tena, na ukubwa wa maktaba Bi Thuraya aliupata baada ya wadogo zake wawili wa kazini kupewa cheo hicho kabla yake. Hakulalama. Alisema Mungu hamsahau mtu.

Leo Jumana anafundisha historia Sur. Juzi kanipigia simu: yeye na wenzake wa zamani wanataka kukaa tena kusoma, na hawamtaki mwengine ila Bi Thuraya.

Basi shikamoo, Bi Thuraya. Ahsante kwa vitabu, kwa tende, na kwa kututia hofu siku ile. Mola akupe afya na umri wenye baraka, ule matunda ya kazi yako. Mlango wa kikao chuoni waliufunga wakubwa. Wa nyumbani kwako funguo unazo wewe. Jumatatu tuje? Tafadhali utujibu upesi.

Badria binti Sleyum