Cyprian Luhende, Mchagua Risasi wa Ugalla na Ruwi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Theodora, mtoto wa baba mdogo wa marehemu. Nafanya kazi za nyumbani hapa Ghubra. Nimesimama kuusoma wasifu huu kwa kuwa katika ukoo wetu wote ni mimi peke yangu niliyepo Maskati, na waliostahili kuusoma wamekataa. Nitasema yaliyo kweli. Marehemu hakupenda maneno ya kupakwa mafuta.

Cyprian Luhende alizaliwa tarehe 14 Mei 1956 kijijini Ipole, Sikonge, mkoani Tabora. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Kasubi Luhende na Bibi Nyamizi, ambaye yu hai. Miaka kumi na mmoja baadaye akazaliwa mdogo wake, Benedict. Wazazi walipokuwa kwenye shamba la tumbaku, Benedict alishinda mgongoni kwa kaka yake, na hata alipoanza kutembea hakutaka kushuka. Watu wa Ipole wakawazoea hivyo.

Alisoma shule ya msingi pale pale kijijini akamaliza darasa la saba mwaka 1972. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na wala hakujifanya kusikitika.

Mwaka 1979 aliajiriwa na kampuni moja ya uwindaji wa kitalii katika pori la Ugalla, kwanza kama mchukuzi, kisha mbeba bunduki. Huko alijifunza kazi iliyompa jina. Wageni walijisifia bunduki zao, yeye akawauliza wamebeba risasi gani. Risasi ya ncha laini huchanua ikigusa nyama, hivyo inamfaa swala. Risasi ngumu haichanui. Huvunja mfupa na kuendelea na safari, na hiyo ndiyo ya nyati. Nyepesi huenda kasi lakini hupasuka mapema. Nzito humtesa mpigaji bega, lakini hufika. Benedict alipokua, marehemu alimwombea kazi kwenye kampuni hiyo hiyo, akawa mfuata nyayo hodari kuliko wote.

Tarehe 25 Agosti 1984 alifunga ndoa takatifu na Belinda katika kanisa la Ipole. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Godson. Siku ya harusi bwana harusi alichelewa, kwa sababu alikuwa bado anabishana na padri juu ya risasi ya kumpigia nguruwe pori aliyekuwa akila mihogo ya misheni. Belinda alikuwa akilisimulia hilo kwa kucheka. Siku hizi halisimulii.

Mwaka 1993 alikuja Maskati. Alichukuliwa na Bwana Salem, Mwomani mzaliwa wa Tabora, aliyekuwa na duka la bunduki na vifaa vya kuwindia pale Ruwi. Hapa kuwinda kumekatazwa, kwa hiyo wateja walikuwa wale wanaosafiri kwenda kuwinda nchi za watu. Mmoja alikuwa anakwenda Kanada kumwinda yule kulungu wao mkubwa, mrefu kuliko farasi. Marehemu hakuwahi kumwona mnyama huyo. Akaitazama picha, akauliza uzito wake, akasema, "Huyu ni pofu tu, yule swala mkubwa wa kwetu, ila kajitwika matawi kichwani. Mpe risasi ya pofu: ncha laini, lakini nzito." Mteja alirudi na picha nyingine, yeye na kulungu wake chini, na duka zima likafurahi.

Sasa nafika mwaka 1999. Taimur, mkwe wa Bwana Salem, alikuwa anakwenda Ugalla kuwinda nyati, na mfuata nyayo wake angekuwa Benedict. Marehemu alimtolea risasi ngumu, nzito. Wakaenda kujaribu kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. Nzito zilimrusha Taimur bega, akaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na risasi zikatawanyika. Akajaribu nyepesi, za ncha laini, zote zikaingia katikati.

"Ammi Cyprian, hizi nnazipiga vizuri, wallahi," alisema. "Zile zanivunja bega."

"Karatasi haina mfupa, bwana," marehemu alimjibu.

Lakini alifikiri sana. Nyepesi inayoingia mahali pake ni bora kuliko nzito inayopotea, na hilo ni kweli. Kila mwindaji atakwambia. Tena mgeni alikuwa mkwe wa bosi, na kwetu mtu hambishii mkwe wa mwenye nyumba mara mbili. Akamfungia zile nyepesi. Akamsihi kitu kimoja: asipige mpaka nyati ageuze ubavu.

Tarehe 22 Septemba nyati aligeuka akawakabili, na Taimur akapiga. Risasi ilipasukia kwenye mfupa wa bega. Nyati akaingia kichakani na damu yake, na kazi ya kumfuata ilikuwa ya Benedict. Walimzika Ipole siku ya pili.

Bwana Salem hakumlaumu. "Sipriani, nnakwambia, hii qadar ya Mungu," alimwambia mara nyingi. Marehemu alikubali kwa kichwa. Tangu hapo mteja akimwuliza ushauri, alipanga maboksi juu ya meza na kusema, "Chagua mwenyewe." Mwishowe akahamishiwa ulinzi kwenye nyumba ya Bwana Salem huku Ghubra.

Mwaka 2001 alikwenda nyumbani. Mama yake alimkuta uani na begi lake, akamwambia mbele ya watu, "Risasi uliichagua wewe. Rudi huko ulikoichagulia." Belinda alikuwa akiishi kwa mama mkwe; alisimama mlangoni, kisha akarudi ndani. Marehemu alilala gesti Sikonge, akarudi Maskati na begi lile lile halijafunguliwa. Baada ya hapo alituma salamu kwa kila aliyekwenda likizo. Hazikujibiwa.

Kisukari kilimwanza mwaka 2003, na mwaka 2006 figo zikachoka. Nilipokuwa nampelekea uji hospitalini aliniuliza jambo moja tu: kama akifa, watamkubali alale karibu na Benedict? Nilimwambia watamkubali. Nilisema hivyo kwa sababu mgonjwa haambiwi vingine. Alifariki dunia Jumapili tarehe 11 Februari 2007, alfajiri, akiwa na miaka hamsini.

Bwana Salem alikuwa tayari kumsafirisha. Nilipiga simu Ipole, na simu akapokea mama mwenyewe. Nilimweleza haja ya mwanawe. Nilimwomba kwa jina la mtoto wake wa kwanza, nikamwomba na kwa jina la yule wa pili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzikeni huko huko," akasema. "Benedict apumzike."

Ndiyo maana leo, Ijumaa tarehe 16, tunamzika hapa, kwenye ardhi ya mawe, sisi wachache tuliopewa ruhusa na mabosi wetu. Marehemu ameacha mama, mjane, na mtoto mmoja, Godson, ambaye tangu mwaka 1999 anatumia jina la baba yake mdogo.

Nyumbani hakupokelewa. Bwana ampokee.