Bangili za Mama Manan

Kwenye pantoni ya kwenda Magogoni, Nice alikaa nyuma ya wanawake wawili waliokutana hapo hapo. Bibi wa Kihindi alikuwa anakwenda kuuza bangili zake za dhahabu.

"Nenda Kariakoo, mama," alisema mwenzake, mwenye duka huko. "Wanapima, wanalipa, huulizwi kitu."

"Wanaziyeyusha, mwanangu. Sonara wa Mchafukoge aliyezitengeneza ataziacha zilivyo."

"Sasa si uende kwake?"

"Ataniuliza, 'Baba Manan hajambo?' Hajui kuwa mume wangu amefariki. Sijawahi kumwambia mtu kwa mdomo wangu."

Mwenye duka, aliyeongea tangu Kigamboni bila kumeza mate, akamgeukia. Pantoni ikagusa gati.

"Mbona mimi umeshaniambia, mama," akasema taratibu, akamshika mkono washuke.