Mama Vidole Aweka Sindano Chini

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtaalamu wetu wa dawa za usingizi anastaafu.

Alianza akiwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, na huko ndiko alikochoshwa na vilio. Mgonjwa alirudi akitabasamu, miguu imekufa ganzi; ganzi ikiisha, maumivu yalimvamia kwa mkupuo. Jambo hilo lilimkera hata akaenda kusomea usingizi, ingawa wake mwenyewe haujulikani anaupata saa ngapi.

Jina la Mama Vidole alijitafutia. Kila jioni kabla ya kwenda nyumbani alipita wodini, akafunua shuka upande wa miguuni na kumwambia mgonjwa achezeshe vidole. Salamu zilifuata baadaye.

Ni yeye aliyependekeza tuongeze dawa kidogo ya kutuliza maumivu kwenye sindano ya ganzi ya mgongo, ili nafuu idumu baada ya upasuaji. Daktari wetu mkuu alisema wazi kwamba mgongo wa mtu si mahali pa kujaribia. Mama Vidole hakubishana. Alipeleka andiko la utafiti kwenye kamati ya maadili, likarudishwa mara mbili, likapita.

Jioni ya kwanza ya utafiti, mama mmoja aliyepasuliwa ngiri alikuwa kimya kabisa. Wodi iliyozoea miguno ikaingiwa na hofu, na daktari mkuu akataka kazi isimamishwe palepale. Mama Vidole akavuta kiti, akakaa kumwangalia mgonjwa anavyopumua. Mgonjwa akafumbua macho, akauliza kulikoni akodolewe macho vile, na chai yake iko wapi. Utafiti ukaendelea. Waliopewa mchanganyiko ule walichelewa kuomba dawa ya maumivu, na daktari mkuu akakubali, mwanzoni kwa shingo upande.

Lakini mganga hajigangi. Goti lake limemtesa miaka mingi, na upasuaji ameuahirisha kila mwaka kwa sababu hakutaka mtu mwingine amguse mgongo. Wiki iliyopita alitangaza kwamba atapasuliwa mwezi ujao, na sindano atachomwa na mwanafunzi wake, yaani mimi ninayeandika haya. Nimefurahi, na ninaogopa.

Asante, Mama Vidole. Pumzika, ufaidi uzee wako kwa raha. Na jioni ile ya goti, usishtuke shuka likifunuliwa upande wa miguuni. Salamu zitafuata baadaye.