Muluzi wa Avenue Lufira: Risala kwa Citoyen Ngosa mbele ya safari yake ya bahari

Mugeni rasmi, Citoyen Ngosa. Mama Laurentine, bibi yake, mwenye ataenda naye. Na weye Mama Virginie, mwenye parcelle, hii kiwanja yenye tunakaa leo:

Kwanza salamu ya Parti, maana mukubwa wa cellule yake ku avenue yetu eko pale mbele, na alituambia tusisahau. Hatukusahau. Siye bote tuko mu Parti, hata mutoto mwenye angali mu tumbo. Hiyo imeisha.

Mwenye anasoma ni Bwalya. Balinichagua juu ya sauti, hapana juu ya masomo. Masomo niliacha mapema, na mwalimu hakulia. Neno yenye itaumiza muntu, ni ya kwangu. Neno ya muzuri, ni ya bote.

KUKARIBISHA

Citoyen, tunakukaribisha ku Bel-Air, hata kama weye ulikaaka hapa mbele yetu. Ule muti wa avocat ku kona ni weye ulipanda. Ulihamia kule ku Karavia kwa bakubwa, muti ukabakia, na siye ndio tunakula. Aksanti.

Tulisikia Bazungu benye banauzisha mashine kwa kazi yenu banakupa safari. Utapanda avion, kisha avion ingine, kisha bateau kubwa mu bahari ya Karaibe. Hatuulizi kwa nini banakupa. Tunafurahi tu. Banasema ile bateau haibebake shaba, haibebake mahindi, inabeba tu bantu benye banataka kuangaria mayi. Muntu moya hapa aliuliza: "Inaenda wapi sasa?" Tukamuambia inazunguka mu visiwa, kisha inarudia kwenye ilitokea. Akasema: "Ah, sawa timu yetu mu championnat."

HISTORIA YETU

Siye tuko batoto ba Avenue Lufira. Bamoya, bankambo babo balikuwa hapa mbele ya mugodi, balilima pembeni ya muto Kafubu. Bengine, baba zabo balishuka na train kutoka Kongolo na Kabalo, bakafanya kazi ya rails na ya shaba. Siye tulizaliwa katikati, kwenye moshi inapita.

Mu Bel-Air, kila avenue iko na muluzi yake. Muntu hagonge ku mulango. Anasimama mu njia, anapiga muluzi, na mwenye anaitwa anatoka, hata kama anakula, bukari ingali mu mukono. Muluzi yetu iko na sauti tatu: mbili fupi zenye zinapanda, kisha moya murefu yenye inashuka polepole, sawa muntu mwenye anatoka ku kazi anakaa ku kiti.

Mwenye aliitunga ni Jeannot, mutoto wa Mama Virginie.

Tunamuita Jeannot, mukubwa wa cellule atusamehe, hii na majina ingine ya batisimu yenye mutasikia leo. Yeye aliondoka na ile jina mbele ya Authenticité kukataza majina ya Bazungu, na kule kwenye eko hakuna mwenye alimuambia abadirishe. Ukimutafuta na jina ingine, hautamupata.

Jeannot alikuwa anatupeleka ku mayi ya Karavia, lile ziwa, Dimanche kisha ya misa. Tunalala mu majani, batano, sita. Anasema: "Funga jicho moya. Weka mukono pale kwenye ng'ambo iko. Unaona? Ng'ambo imekufa. Sasa ni bahari." Na kweli, Citoyen, ilikuwa bahari. Mayi ilikuwa inaenda, inaenda, mpaka inashikamana na mbingu, na hakuna mwenye alikuwa na njala. Muntu akitoa mukono, ng'ambo inarudia, na miti yake, na muntu anafua manguo. Tunamugombeza: "Rudisha mukono, unatuletea Lubumbashi."

Siku moya train ya shaba ilipita. Jeannot aliangaria ile vipande vyekundu vimepangwa, akasema: "Hii itaona bahari mbele yangu. Mi nimeshindwa na jiwe."

Alikuya kwako kuomba kazi, Citoyen, mara mbili. Ulimuambia angoye. Hatukuya kukugombeza, wakati ule kila muntu alikuwa anangoya. Lakini yeye hakuyua kungoya. Alipanda camion ku Kasumbalesa, akaingia Zambia, na kisha pale hatukusikia kintu. Sasa ni miaka sita.

BYENYE TULIFANYA

Tulifanya salongo, ile kazi ya bote bila malipo, tukachimba njia ya mayi ya mvula mpaka mu kona. Timu ya mupira iko, haishindi lakini iko. Tulijenga paa ya Mama Virginie yenye iliruka.

Kintu kikubwa chenye tulifanya, ni Chileshe alikifanya, na hakuyua kama anakifanya. Chileshe, simama bakuone. Yeye ni musaidizi wa chauffeur ku camion. Mwaka jana alikuwa Kasumbalesa, mu mustari, camion mbele, camion nyuma, bantu ba douane ya mupaka balilala. Pembeni yake kulikuwa chauffeur wa Zambia, anafunga boulon ya gurudumu, anapiga muluzi. Mbili fupi, moya murefu.

Chileshe alishuka, akamushika ku mukono.

"We baba, hiyo nani alikufundisha?"

"Iache mukono yangu kwanza. Unataka kuniibia muluzi?"

"Nani alikufundisha?"

Yule muntu akamueleza. Alikuwa Dar es Salaam ku port, anangoya muzigo, akakunywa na marin moya wa meli. Ule marin alikuwa anapiga ile muluzi siku yote, mpaka inaingia mu kichwa ya kila muntu. Marin alisema aliitwaa kwa Mukatanga moya, muntu wa huku kwetu, mwenye alikuwa anaosha masufuria mu jiko ya meli yabo. Ule Mukatanga alishuka ku Fort-de-France, mu kisiwa ya Martinique, akasema hapa bantu beko beusi na banasema kifaransa, mi nimefika. Anakaa pale, karibu na soko ya samaki, anatengeneza ma moteur ya mitumbwi.

Ona, Citoyen. Ile muluzi ilitoka hapa, pa hii kona. Ilipanda camion, ilipanda meli, ilizunguka bahari, ikashuka Dar, ikapanda camion ingine, ikarudia mpaka ku Kasumbalesa mu kinywa ya muntu mwenye hatumuyue. Chileshe alirudia hapa akatupigia habari. Mama Virginie alikuwa anachagua mboga ya lenge-lenge. Alichukua kiti, akaiweka ku mulango, akakaa anaangaria njia.

MASHAURI YA SAFARI

Banatuambia ile bateau yenu imeandika Fort-de-France ku programme. Ndio maana tulikuita.

Weye uko muntu wa masomo. Lakini siye tunayua safari yenye haifuate karatasi. Tulipanda train ya Kalemie yenye ililala mu pori mpaka bantu bakaanza kuoa. Mwenzetu Liévin alifanya kazi ya kusafisha ma cabine mu bateau ya ziwa Tanganyika. Capitaine anasema Moba, upepo inasema Kalemie, na bateau inasikiaka upepo. Basi sikia.

Banakupa mwezi wa kenda. Usikubali. Frère Alexis wa paroisse alifundishaka mu vile visiwa, alituambia kutoka mwezi wa saba mpaka wa kumi na moya kule kuko upepo yenye inabeba paa na ng'ombe, na bateau zinakimbia, zinabadirisha njia. Omba mwezi wa pili. Muntu mwenye anatoa zawadi hakatai kubadirisha mwezi.

Fika ku port siku moya mbele. Avion inachelewa, bateau haingoyake.

Uliza visa ya kila kisiwa, hata yenye haiko ku programme. Siku njia itabadirika, utajikuta ku fasi yenye haukuomba, na police ya kule haiyui kama weye ni mukubwa huku. Beba na carnet ya chanjo. Mu saki kidogo ya mukono weka dawa, nguo ya kulala, na shati moya. Valise kubwa iko na safari yake yenyewe.

Cabine, chukua ya chini katikati. Liévin anasema: "Juu kuko sifa, katikati kuko usingizi." Mama Laurentine, tangawizi mubichi, kutafuna polepole, kuangaria mbali kwenye mayi inashikamana na mbingu. Usiangarie sahani.

Usilipe mbele juu ya kutembezwa mu kisiwa. Lipa ukishaona udongo. Na saa ya kurudia ni saa ya bateau, hapana saa ya kisiwa. Liévin aliona bwana arusi amebakia ku port ya Kalunga na keki, bibi arusi eko mu bateau anapunga kitambaa.

Sasa siku capitaine atasema, "Hatutafika kwenye tulisema." Itafika hiyo siku, hatukufichi. Bantu batapiga kelele ku meza ya bureau. Weye usiende kule. Shuka ku jiko. Capitaine anayua upepo, lakini mupishi anayua fasi kwenye batanunua samaki kesho. Muulize maneno mbili: tunaenda wapi, na tutapita tena kwenye tuliruka? Kisha pole pole uombe barudishe feza ya port yenye hamukufika, ile ni haki yenu.

Tulitaka kukupatia unga na ndakala, ile samaki kidogo ya kukauka, ya njia, maana mu bateau yetu kila muntu anajipikia. Liévin alicheka mpaka akakaa chini. Ile bateau inapika mara tano kwa siku. Basi unga ni kidogo tu, iko mu ile kitambaa ya bluu. Haiko ya kwako.

MAGUMU

Magumu iko moya.

Bajomba ba Jeannot balikuya kutoka Kongolo, ku mwisho ya mvula. Bakakaa hapa, kwenye munakaa. Mukubwa wabo, Baba Stanislas, ni muntu wa heshima, hatumusemi vibaya. Alisema: "Miaka sita bila habari, tunamulilia. Tusipomulilia, roho yake itatembea na itaomba chakula kwa batoto benye batazaliwa."

Mama Virginie akajibu: "Habari iko. Ni muluzi."

"Muluzi haiko habari, dada. Hata ndege anapiga."

"Mutamulilia na maiti ya nani?"

"Tutazika shati yake. Inatosha. Bankambo balifanyaka vile kwa bale benye balikufa mu mayi."

Mama alisimama. Aliingia mu nyumba, akatoka amevaa ile shati. Citoyen, munaiona leo, na labda mulijiuliza kwa nini mama muzima anavaa shati ya kijana juu ya kikwembe, mikono imekunjwa. Ndio hiyo. Anaifua jioni, anakaa pembeni yake mpaka ikauke, anaivaa tena, juu muntu asiichukue.

Bajomba bamemupa muda: mpaka weye utarudia kutoka bahari. Ukirudia bila neno, kilio itaanza. Batalilia muntu mwenye labda siku ile anafunga moteur, anacheka na bauza-samaki.

MAOMBI

Vikundi vingine vinaombaka toli ya paa, ciment, ballon. Siye tunaomba kintu kimoya chenye hakina bei.

Ukishuka ku Fort-de-France, uende ku soko ya samaki, usimame pale, na upige muluzi yetu. Tunayua weye ni mukubwa, na muntu wa abacost, ile koti ya bakubwa, hapigake muluzi mbele ya bantu. Lakini ukiuliza jina, unaweza kumukosa. Bantu banabadirishaka majina kila fasi. Ukipiga muluzi, Jeannot atatoka. Atatoka na mafuta ku mikono. Umupe unga. Umuambie mama yake amevaa shati, aandike haraka, juu shati inaanza kupasuka.

Na kama upepo inabadirisha njia, na bateau inaruka Fort-de-France? Tulifikiri sana juu ya hiyo, kule ku mayi ya Karavia, jicho moya limefungwa. Shauri yetu ni hii: usihuzunike, na usinyamaze. Kisiwa yoyote yenye batakushusha, piga pale. Pigia bavuvi, pigia bale benye banafunga kamba ya bateau, pigia mupishi mu jiko. Bafundishe. Bale ndio beko na safari yenye haibadirikake. Muluzi ilikuya huku bila programme; itaenda kule vile vile. Na ukirudia, umuambie Baba Stanislas mbele yetu: niliiacha kule, iko mu njia. Hatazika shati ya muntu mwenye anaitwa.

Sasa, Citoyen, mbele ya kuku na Fanta, tunaomba ujifunze. Siye tutapiga mara moya, kisha weye. Usituangarie, muangarie Mama Virginie. Yeye hapigake muluzi, anasema ni mbaya kwa mwanamuke, lakini anaiyua kupita siye bote. Atafunga macho. Akibakia vile, haujapata, anza tena. Akishika kola ya shati, ndio yenyewe.

Mungu akupe mayi yenye inalala na cabine ya katikati. Akulinde weye na Mama Laurentine mu kwenda na mu kurudia. Na kama lazima njia ibadirike, aibadirishe upande wa Jeannot.

Ni siye, Vijana ba Avenue Lufira, Bel-Air: benye beko hapa, na moya mwenye hayuko.

Citoyen, simama. Tunaanza.