Mimba Iliyosemwa Imo Mgongoni

Assalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Mmenitaka niseme, nami kusema si kazi. Kazi ni kueleza, maana mambo yenyewe hata leo nusu yake siyaelewi.

Nilikuwa na mwaka wa pili katika ndoa, hapa hapa Malindi, nikakosa hedhi miezi mitatu. Mavyaa, mama wa mume wangu, akapiga vigelegele. Tukahesabu hadi mwezi wa tisa. Mimi nanenepa, mtoto haonekani. Hospitalini wakapima mkojo, wakasema sina mimba. Mavyaa akasonya: “Hao wajua nini? Mimba imekwenda mgongoni. Itarudi.”

Ndugu zangu, nawaambia, niliamini. Mkunga akinikanda mgongo kila wiki, na ili mtoto apate nguvu za kushuka nikilishwa vitamu: asubuhi uji wa tende, alasiri kaimati za shira, jioni halwa. Nikizidi kunenepa wanasema, “Mwaona? Akua huyo!” Haya, chekeni. Mimi wakati ule sikucheka.

Miaka miwili mimba i mgongoni! Kisha zikaja ndevu. Wallahi, hapa kidevuni. Nikawa nazing’oa kwa uzi, mlango nimeufunga. Nikajiuliza, mimi ni mja mzito au nageuka mwanamume? Nikasikia kwao mume wangu wamtafutia mke wa pili, kule mji wa Mambrui. Niliogopa sana.

Shangazi yangu ndiye aliyenipeleka Mombasa kwa daktari wa kike. Damu ikapimwa, tukarudi kusikiliza majibu. Akasema mayai yangu hayapevuki, yamekwama, homoni ya kiume imezidi, na insulini nayo imezidi.

“Insulini si ile anayodungwa bibi yangu mwenye sukari?”

“Ndiyo.”

“Sasa yeye adungwa kwa kuwa haimtoshi, nami naumwa kwa kuwa ninayo tele?”

“Mwili wako hauitii, kwa hivyo wazidi kuitengeneza. Na wingi wake wachochea hiyo homoni ya kiume.”

Nikaitikia kama nimeelewa. Sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba mgongoni hamna mtoto. Nikalia kilio cha msiba, na sijui nilimlilia nani.

Akaniandikia vidonge, akaniambia niache vitamu, nitembee. Nyumbani mavyaa akaja juu: “Wamuua mjukuu wangu kwa njaa!” Mume wangu, ambaye hajapata kumjibu mamake, akasema, “Mama, mjukuu hapana. Hapa pana mke wangu, naye ni mgonjwa.” Habari ya Mambrui ikaishia hapo.

Baada ya miezi mitano damu ikaja. Nilimwita mavyaa aone kwa macho yake. Akakaa kizingitini, akaniuliza kwa sauti ndogo, “Sasa mwanangu, miaka yote ile nilikuwa nikimlisha nani?” Tukakumbatiana.

Nawashukuru shangazi, daktari, na mume wangu. Namshukuru na mavyaa, kwa kuwa siku hizi ndiye anifichiaye sukari. Mtoto sijajaaliwa bado, na ndevu hazijaisha zote. Lakini nawaomba jambo moja. Mkimwona mwanamke amekosa siku zake, msimkimbilie tumbo. Mwulizeni yeye mwenyewe yu hali gani. Mimi miaka miwili kila mtu aliniuliza hali ya mtoto.