Mama Gundi Ainuka Kitini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya kushona sare, Mama Gundi anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Tulimpa sisi, kwa kuwa akishakaa kwenye cherehani yake ya dirishani, habanduki. Chai ilimfuata, vitambaa vilimfuata, na hata msimamizi akitaka kumkaripia ilibidi amfuate.

Kola zake hazijapata kupinda. Wengi wetu ametufundisha yeye, nikiwamo mimi, ambaye shati langu la kwanza lilikuwa na mkono mmoja wa mtu mzima na mwingine wa mtoto. Alilitazama kwa huruma, akaniambia mwenye mwili ule bado hajazaliwa.

Mwaka juzi, msimu wa sare za shule, alikaa kuliko kawaida yake. Shavu la mguu wa kushoto likavimba na kuuma; akasingizia pedeli. Siku chache baadaye, akipanda ngazi za stoo, pumzi ikamkatika na kifua kikamchoma. Akadai atapumzika kidogo, kisha amalizie kola. Dereva wetu, mtu wa maneno machache, alimjibu kwamba kola zinaweza kungoja, pafu haliwezi, akamshika mkono wakaenda hospitali.

Picha ya kifua ilionyesha donge la damu kwenye mshipa wa pafu. Lilikuwa limesafiri kutoka mguuni. Alipewa oksijeni na sindano za tumboni, kisha vidonge vya kuzuia damu isigande zaidi, ili mwili upate nafasi ya kuliyeyusha donge wenyewe. Binti yake alitaka aache kazi palepale. Mama Gundi akagoma: aliingia karakana kwa miguu yake, na atatoka kwa miguu yake. Ila wakati huo kufika mlangoni tu kulimtoa jasho.

Nguvu zikarudi polepole. Daktari akamruhusu kazini kwa masharti mawili. Kwanza, asijidunge, maana kwa dawa zile damu huchelewa kukatika. Basi yule aliyetucheka miaka yote kwa kuvaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kidoleni, akavaa ya kwake. Pili, asikae mfululizo. Kila saa ainuke atembee.

Hapo ndipo tulipokoma. Hakukubali kuzunguka peke yake kama mlinzi. Saa ikitimia aligonga meza kwa kastabini, ko ko ko, na karakana nzima, pamoja na kitambi changu, tukaizunguka meza ya kukatia. Msimamizi alilalamika kwamba kazi italala. Kilicholala ni maumivu ya migongo, ya kwake yakiwa ya kwanza.

Vidonge aliacha daktari alipomruhusu. Ngazi za stoo sasa anazipanda akiniacha nyuma nikihema.

Kastabini ametuachia. Kidole changu kinene hakiingii, lakini kazi ya kugonga nimekabidhiwa mimi.

Ahsante, Mama, kwa kola zilizonyooka na kwa kutuinua vitini. Tunakutakia afya tele, na wajukuu wa kukukimbiza. Tarehe 30 utatoka kwa miguu yako, kama ulivyoapa, nasi hatutakuaga tumekaa. Nitagonga, ko ko ko, na karakana nzima itakusindikiza mpaka getini.