Masunga Ameonekana kwenye Kompyuta

Kijiwe chetu cha Bariadi kiko mbele ya duka la Fundi Nyanda, ambaye sote tunamwita Antena. Kuna benchi, jiko la kahawa, na kompyuta ya mezani iliyogeuziwa barabarani. Ndani yake Antena amechomeka kadi ya TV, akavuta waya mpaka kwenye mlingoti, na sisi tunatazama habari, tunazirekodi, tunazirudisha nyuma tunavyotaka. Spika ziliungua zamani, kwa hiyo maneno tunayajazia wenyewe. Siku nne zilizopita mtumbwi wa wavuvi ulizama ziwani Lamadi, na Masunga, mtoto wa jirani yetu Mama Nyanjige, anayevua huko, hakuonekana. Jana habari za ajali hiyo zikaonyesha mwalo, pale mitumbwi inapoegeshwa, na katikati ya wavuvi akapita Masunga, mzima, wavu begani. Tukamwita mama yake. Alipomwona alilia kwa furaha, akarudi nyumbani, akaamuru moto wa msiba uzimwe uani na wanaume waliokuwa wakiuota warudi makwao. Leo asubuhi tulikuwa tunagombea sifa, na mimi nilikuwa na kelele kuliko wote.

Mzee Limbu tunamwita Marobota, kwa sababu amepima pamba maisha yake yote. Masele tunamwita Wakili; aliwahi kukaa baraza la kata.

Marobota: Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Nikasema, simamisha hapo!

Wakili: Acha uongo, mzee. Wewe ulikuwa unapuliza kahawa. Niliona mimi.

Antena: Na kadi ni ya nani? Bila kadi mngeona nini?

Mimi: Sawa, lakini nani alikimbia kumwita mama? Mpaka ndala ikakatika!

Wakili: Basi yuko wapi? Mbona hapigi simu?

Mimi: Simu si imeingia maji?

Wakili: Hapana. Kajificha Kiloleli kwa wajomba. Polisi wanawahoji waliopona.

Marobota: Aliogelea mpaka Ukerewe. Sasa anarudi kwa miguu.

Antena: Kwa miguu kutoka kisiwani?

Marobota: Kiangazi hiki ziwa limepungua, wewe hujui.

Antena: Mimi najua kitu kimoja. Hii kadi ni ya dijitali, haishiki mfu. Mfu hana mawimbi.

Wakili: Hapo umenena! Hata wahenga walisema, mfa maji haachi kutapatapa. Huyu mlimwona anatapatapa? Anatembea zake!

Tulicheka. Mungu atusamehe, tulicheka sana. Ndipo Scola, mke wa Masunga, aliyekuwa Lamadi akimtafuta tangu ajali, akavuka barabara, vumbi la safari miguuni na mtoto mgongoni.

Scola: Mwangaluka, baba zangu.

Marobota: Mwangaluka, mayu. Kaa hapa. Umekuja kumwona mwenzio?

Scola: Mama amenituma nitazame.

Antena akaiwasha ile rekodi. Masunga akapita na wavu wake. Sote tukamtazama Scola, tukingoja naye alie kwa furaha.

Scola: Rudisha.

Antena akarudisha.

Scola: Hilo shati nililichana mwezi wa tatu. Nikalifanya nepi za huyu mtoto.

Marobota: Mashati yanafanana, mayu.

Scola: Na kiraka cha kitenge changu hapo mgongoni?

Jana tulimwambia Antena aikuze picha ili uso uonekane vizuri, akaikuza mpaka kingo zote zikatoka nje ya kioo. Sasa akabonyeza, picha ikarudi ndogo. Juu, pembeni, palikuwa na neno limeandikwa kwa herufi nyeupe: MAKTABA. Hata sisi wa kijiweni tunajua maana yake. Ni picha za zamani, wanazoweka wakikosa mpya.

Wakili: Lakini hiyo haimaanishi kwamba…

Scola: Wamemtoa majini leo alfajiri. Nimemwona kwa macho yangu. Nimekuja kumwambia mama, amekataa kunisikia. Nimemkuta anachagua mchele. Ananiuliza Masunga anakuja na basi la saa ngapi.

Marobota akavua kofia. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi.

Scola: Uani nimekuta majivu, hakuna hata mwanamume mmoja. Nani alimwambia mama azime moto?

Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu, na akangoja. Alimtazama Antena, akamtazama Wakili, akamtazama Marobota, akafika kwangu. Asubuhi nzima kila mmoja wetu alikuwa wa kwanza. Sasa kila mmoja alikuwa anachungulia kikombe chake, na mimi nilikuwa naitazama ndala yangu iliyofungwa kwa waya. Nilitaka kusema. Nikakaza ule waya.

Scola akainama, akachukua kiberiti kilichokuwa kando ya jiko la kahawa, akaondoka nacho kuelekea uani kwa mama.